Beetle, Mini au Starlet: kigari gani cha zamani cha kuendea kazini na joto hili la kaskazi?

Mtoto wa mamdogo kaniletea picha tatu kwenye simu. Moja Beetle ya 1972 rangi ya maziwa, moja Mini 1000 ya 1979 nyekundu, na moja Starlet ya 1992 ya kijivu. Anasema kaka nichagulie, nnataka gari ya kuendea kazini kila siku, Fuoni mpaka Vuga, alafu Ijumaa nende Makunduchi kumuona bimkubwa, na mie sitaki Vitz kila mtu anayo. Kila muuzaji kamwambia yake ndo haichemshi. Nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja, akaniambia sikusikia kitu kuna upepo, andika. Haya naandika, na nyie wengine mnaouliza kila ikifika kaskazi someni hapa hapa.

Mie Beetle nimeiendesha miaka sita, ile ya injini ya 1300. Mini ilikuwa ya shemeji, alipokwenda Maskat akaniachia msimu mzima wa kaskazi nikawa naitumia kila siku. Starlet ni ya mke wangu na bado tunayo. Kwa hiyo sisemi ya kuambiwa, ila na mie nina upendeleo wangu na mtauona tu humu ndani, siuwezi kuuficha.

Nnaangalia nini

Vitu vitano. Injini inafanyaje ikisimama kwenye foleni na jua la utosini. Wewe mwenyewe uliyekaa ndani unafanyaje. Ikizimwa ya moto inawaka tena au inakuaibisha sheli. Chumvi na mvua. Spea na fundi. Mwendo kasi sijauweka mana Unguja hii unakimbilia wapi, na bei pia sijaiweka kwa sababu gari kama hizi bei inatokana na bodi, sio na jina, mbili za mwaka mmoja moja unaweza kupata nusu ya bei ya mwenziwe na ukaja kujuta wewe uliyenunua rahisi.

Alafu kuna jambo la joto lenyewe watu wanalichanganya. Februari na Machi hapa mchana inafika 32, 33, na unyevu juu yake. Sasa maji ya injini yanatembea kwenye 85 mpaka 90 hivi. Rejeta inapoza kwa ile tofauti ya maji na hewa ya nje, kwa hiyo ukitoa 88 kwa 33 unapata 55, na Ulaya siku ya 23 unapata 65. Yaani rejeta yetu inafanya kazi na uwezo pungufu kama asilimia 15 tu. Gari nzima inalimudu hilo bila shida. Ila gari ambayo rejeta yake ishaziba robo kwa kutu na maji ya kisima, huko kwenye baridi ingekwenda tu bila mtu kujua, hapa itachemsha kwenye foleni ya Kwerekwe mbele ya watu. Ndo mana nasema ukisikia "Mini haziwezi joto" au "Beetle haziwezi joto" uliza kwanza hiyo gari ilikuwa katika hali gani, na ilichemkia wapi, mana nnavyoona mie takriban zote zinachemkia zikiwa zimesimama.

Gari zenyewe kwa ufupi

Beetle mnaijua, mgongo wa kobe, injini iko nyuma, haina rejeta wala maji, inapozwa kwa upepo. Ilitengenezwa mpaka 30 Julai 2003 kule Puebla, Mexico, na jumla zimepita milioni 21. Mini ni ya Waingereza, ilitoka 1959 ikaendelea mpaka 2000, aliyeibuni ni Alec Issigonis baada ya ile shida ya mafuta ya mgogoro wa Suez. Mita tatu na sentimita tano urefu wake wote, injini imelazwa ubavu na gia boksi iko chini yake zinatumia oili moja. Starlet ya Toyota ilianza 1973 ikaisha 1999 ikapokewa na Vitz. Kuna watakaosema Starlet sio klasiki, sawa, lakini ya 1992 ishapita miaka thelathini na mwenyewe nimeona vijana wanazitafuta, kwa hiyo imo.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha siku zote. Mini sifa yake kubwa ni kushinda mbio za Monte Carlo, 1964, 1965 na 1967, kwenye theluji. Beetle ilishinda Safari Rally, 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi letu hili la Afrika Mashariki. Sisemi mengine.

Injini kwenye foleni

Beetle kwanza. Feni yake inafungwa kwenye shafti moja na dinamo, inazungushwa na mkanda mmoja, inasukuma upepo juu ya silinda. Ukisimama feni inapunguza kasi, kweli, lakini na injini pia inatoa moto kidogo, kwa hiyo foleni ya kawaida inaistahamili kuliko watu wanavyodhani. Kinachoiua ni mafundi. Ile injini imezungushwa mabati na mipira pembeni, kazi yake kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, sasa fundi akishashusha injini akiirudisha anaona mabati haya ya nini yanazuia hewa, anayatupa. Hapo feni inaanza kuvuta ule ule moto uliotoka chini kwenye ekzosi, inaupuliza tena juu ya silinda. Nenda kaangalie Beetle yoyote inayosemwa inachemsha, asilimia kubwa utakuta mabati hayapo au mipira ishaliwa.

Na hata ukiwa nayo nzima, oili yake ni lita mbili na nusu tu na hiyo oili ndo kipoozeo chake cha pili, kwa hiyo usinambie utabadilisha mwakani. Kila kilomita 5,000, na valvu zipimwe hapo hapo, 0.15 milimita injini ikiwa baridi. Baridi ya hapa kwetu maana yake alfajiri, gari imelala, sio saa sita umeizima nusu saa ukasema ishapoa. Zile za kabla ya 1971 silinda namba tatu inakuwa na moto zaidi kwa sababu kipoozea oili kimekaa njiani kwenye upepo wake, baadae wakakihamisha. Ukipata chaguo chukua yenye kipoozeo kilichohamishwa.

Geji ya joto haina. Kabisa. Una taa ya oili na taa nyekundu ya dinamo, na hiyo ya dinamo uiheshimu kama imamu.

Nikwambieni kwa nini. Ramadhani mwaka mmoja, saa nane mchana, natoka Makunduchi nimeshaipita Kitogani naingia msitu wa Jozani, taa nyekundu pwaa. Mtu mwengine angesema dinamo, nitafika nayo mjini. Mkanda wa dinamo na mkanda wa feni ni mmoja, ukikatika hakuna umeme na hakuna upepo, ukiendesha dakika chache tu pistoni zinashika. Nikazima pale pale chini ya miti, kima wananitizama. Mkanda wa akiba nilikuwa nao chini ya siti. Unaingiza bisibisi kwenye pengo la puli uibane isizunguke, spana namba 21 unafungua nati, puli inafunguka vipande viwili na katikati kuna vishata vyembamba, hivyo ndo vya kukazia, ukitoa kimoja mkanda unakaza ukiongeza unalegea, unavyovitoa katikati unavipanga nje nyuma ya nati visipotee. Robo saa na jasho limeingia machoni na nimefunga, lakini nikafika nyumbani kabla ya kuadhini. Ukinunua Beetle nunua na mikanda miwili na hiyo spana, usiache siku hata moja.

Mini sasa. Rejeta yake haiko mbele kama gari nyengine, iko ubavuni kushoto imetazama tairi, na feni inasukuma hewa itokee kwenye upinde wa tairi. Ukiwa unakwenda hewa inaingia kwenye grili inapita inatoka, raha mustarehe, barabara ya Paje yote sindano haitikisiki. Ukisimama ndo tabu, mana feni inachukua hewa ambayo ishapikwa na injini ndani ya boneti ndogo kama sufuria ya mfuniko. Nilinasa Darajani mkesha wa Idi, bimkubwa yuko nyuma na mapakacha yake, sindano ikaanza kupanda nikafungua hita mpaka mwisho, mana hita ni kama rejeta ya pili ndogo inachukua moto kutoka kwenye maji inaumwaga ndani. Injini ikashuka. Bimkubwa akasema, "Mwanangu, sisi tumekukosea nini?"

Kuna dawa lakini, sio kwamba haina dawa. Rejeta nene zaidi, feni ya panga nyingi, wengine wanafunga feni ndogo ya umeme ndani ya upinde wa tairi na inasaidia sana. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima, cha 15 psi (kipimo cha presha) kinafanya maji yasichemke mpaka kama 120, kilicholegea maji yanachemka kwenye 100 na wewe unalaumu injini. Na uoshe ndani ya bloku, miaka arubaini ya kutu na maji ya bomba inatuama nyuma kule mwisho haitoki kwa kufungua bomba tu. Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, sio maji matupu, na sio kwa ajili ya baridi bali kwa ajili ya kutu. Za kuanzia mwisho wa 1996 ndo wakahamishia rejeta mbele na feni ya umeme, hizo ni habari nyengine na bei nyengine. Jambo moja zuri la Mini, hedi yake, yaani kichwa cha injini, ni ya chuma, ikichemka mara moja mara nyingi inasamehe.

Starlet haisamehi. Hedi ya aluminiamu, ukiipeleka ikichemka mpaka nyumbani kwa sababu "pamebaki karibu" inapinda na gasketi imekwenda. Lakini pia haina sababu ya kuchemka, rejeta iko mbele, feni ya umeme inajiwasha yenyewe haijali umesimama au unakwenda. Nnazozijua mie zote zilizochemsha ilikuwa swichi ya feni imekufa au fundi kaunga waya kienyeji au rejeta imepasuka ile sehemu ya plastiki. Washa gari, isimamishe, subiri feni iwake. Isipowaka usinunue, au nunua ukijua. Na uliza taimingi belti, mkanda wa injini unaoendesha valvu, ilibadilishwa lini, jibu likiwa "haina tatizo" maana yake haijabadilishwa.

Kwa foleni tupu Starlet iko mbele, Beetle nzima inafuata, Mini nzima bila ya nyongeza ndo ya mwisho. Mini iliyofungwa feni ya ziada inaisogelea Beetle.

Wewe mwenyewe ndani

Starlet nyingi zilikuja na AC. Ila za kabla ya kama 1993 zilitumia gesi ya R12, ile iliyokatazwa na mkataba wa Montreal wa 1987, hiyo hupati, itabidi ubadilishiwe mfumo uende R134a, mipira na oili ya kompresa vyote, sio kujaza tu. Fundi akikwambia tunajaza tu kimbia. Na ukiwasha AC injini ndogo ile inahema, kupanda mlima unaisikia.

Beetle haina AC lakini ina vile vioo vidogo vya pembetatu mbele ya mlango, unavigeuza nje mpaka upepo wote unakuja kifuani, kwa kweli ukiwa unakwenda hata 40 tu hujui kama kuna jua. Tatizo lake ni miguu. Hewa ya hita inapita kwenye vizingiti vya bodi, na zile flapu za kuifungia zikishika kutu hazifungi vizuri, unapikwa vifundo vya miguu mwezi wa pili. Kaza waya zake au ziba kabisa, nani anataka hita Zanzibar.

Mini vioo vya mlango vya mwanzo vilikuwa vya kusukuma, kuanzia 1969 vikawa vya kuzungusha na hewa ikawa bora. Vya nyuma vinafunguka kidogo kwa pembeni. Ndani ni ndogo kwa hiyo inapata moto haraka na inapoa haraka, na injini iko karibu na goti lako, utaisikia.

Siti za reksini zinaunguza. Tandika kanga, au shuka la pamba, na weka kibati cha kuzuia jua kwenye kioo cha mbele. Egesha chini ya mwembe au mkungu kama kazini kwenu upo, rangi itaharibiwa na kunguru lakini dashibodi itaishi. Na gari iliyofungwa juani, nje 30 tu, ndani inafika 50 kwa saa moja, kwa hiyo mtoto haachwi hata dakika mbili za kununua mkate.

Ikizimwa ya moto

Hapa gari za kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, zinakutia aibu. Umesimama sheli, umejaza, unapiga stata, inazunguka haiwaki. Mafuta yamegeuka mvuke njiani kabla hayajafika. Mini kabureta imekaa nyuma ya injini juu ya ekzosi, ukizima moto wote unapanda huko. Ukifungua boneti dakika kumi inawaka. Beetle pampu ya mafuta imekaa juu ya injini yenyewe, kitambaa kibichi juu ya pampu na subira, inawaka. Angalia na mpira wa mafuta unaoingia kwenye injini, ukiuona umepasuka pasuka badilisha siku hiyo hiyo, Beetle nyingi duniani zimeungua kwa mpira wa shilingi chache. Starlet ya injeksheni haina habari hizi. Starlet za zamani za kabureta zina njia ya kurudisha mafuta tangini kwa hiyo na zenyewe ni nadra kukuaibisha.

Mvua na chumvi

Masika ikiingia, Machi mwisho na Aprili, Mini ina aibu yake nyengine. Distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, imekaa mbele kabisa nyuma ya grili, dimbwi moja la Mombasa au Kwahani, mitaa ya hapa mjini, gari inazima. Kifuniko cha plastiki kipo, na wengine wanavalisha glavu ya mpira vidole vimetobolewa waya zipite, unacheka lakini inafanya kazi. Beetle iko juu kidogo na tairi ni za inchi 15, madimbwi na matuta inapita vizuri kuliko zote. Starlet wastani.

Kutu ndo adui wetu wa kweli hapa, kuliko joto. Ukikaa Bububu au Kizingo karibu na bahari upepo unakuletea chumvi usiku kucha. Beetle inaoza sakafu, na hasa chini ya siti ya nyuma pale betri ilipo, inua siti uangalie kabla hujasema bei. Inaoza na vile vizingiti. Mini inaoza vizingiti pia, na subfremu ya nyuma, ile fremu inayobeba tairi, na mishono ya nje ya bodi, na ikioza subfremu sio kazi ya puti, ule udongo wa kuzibia bodi. Starlet mapinde ya tairi za nyuma. Njoo na sumaku ndogo, pitisha, pasiposhika ujue puti. Na osha chini, sio juu tu. Watu wanaosha paa ling'ae na chini wanaachia chumvi ya Nungwi mwezi mzima.

Spea na fundi

Hapa sina maneno mengi. Starlet fundi yeyote anaijua na spea ukikosa Unguja unamwambia mtu wa maduka ya Gerezani kule Dar inakuja na boti jioni. Beetle spea mpya zinatengenezwa bado na zinaagizwa nje, ni rahisi kiasi, na injini nzima inashuka kwa boliti nne na jeki, lakini fundi anayeijua kweli ni wazee wachache, muulize kama anajua mabati ni ya nini. Hilo ndo swali langu la mtihani kwa fundi. Mini spea zipo tele Uingereza lakini unalipia njia, na tairi za inchi 10 za zile za kabla ya 1984 usitegemee kuzikuta dukani, agiza pea mbili mapema. Oili yake inatumika na gia pia kwa hiyo inachakaa haraka, kilomita 5,000 usivuke. Na zamani zile hedi zake zilitegemea petroli yenye risasi kulinda viti vya valvu, risasi imeondolewa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa 2006, kwa hiyo uliza kama hedi ishafungwa viti vigumu. Haijafungwa haifi kesho, ila valvu zitaanza kuzama polepole.

Nani inamfaa

Beetle inamfaa anayependa kushika spana mwenyewe, anayeamka mapema, na asiyeona tabu kufungua boneti la nyuma kila Jumapili akaangalia mkanda na oili. Asiyetaka kuchafua kanzu asijisumbue.

Mini inamfaa anayekaa mjini na anazunguka vichochoro, Shangani, Malindi, Vuga, pale gari nyengine inatafuta pa kuegesha wewe ushaingia baina ya vespa mbili. Na mwenye subira ya spea. Mie kwa furaha ya kuendesha hakuna iliyonipa kama ile, shemeji alivyorudi nilimkabidhi ufunguo kwa shingo upande.

Starlet inamfaa mwenye watoto wa skuli na kazi ya saa moja na nusu asubuhi isiyokubali hadithi ya taa nyekundu.

Sasa kwa hali yako

Kama njia yako ni foleni tupu, Fuoni Kwerekwe Amani Michenzani kila siku saa za skuli, na gari ndo hiyo moja tu nyumbani, Starlet, ila uhakikishe feni. Au Beetle yenye mabati yote kama una mtu wa kukufundisha.

Kama unakaa shamba, Makunduchi, Mkokotoni, Donge, unakuja mjini barabara wazi mara mbili tatu kwa wiki, hata Mini inakufaa vizuri sana, barabara wazi ndo dawa yake, ila upite Kwerekwe mapema kabla ya saa moja.

Kama uko Pemba, foleni huna ila vilima unavyo, Mkoani mpaka Chake ni kupanda na kushuka. Hapo Beetle ina raha yake lakini usiinyonge, shusha gia mapema ili feni izunguke kwa kasi, mana feni inafuata injini na injini inayokokoteka gia ya nne haipati upepo. Starlet inapanda ukizima AC. Mini sawa ikiwa na breki nzima, mana mteremko wa Mkoani na ngoma za breki zilizochoka ni jambo la kuogopesha.

Kama unakaa ufukweni kabisa na huna banda la kuegeshea, kwa kweli zote tatu zitaliwa, lakini Starlet ndo itakayokupa hasara ndogo.

Na kama tayari una gari moja nyumbani na hii ni ya pili, chukua unayoipenda. Yoyote.

Wewe mtoto wa mamdogo, njia yako ni foleni siku tano na barabara wazi siku moja, na spana hujawahi kushika, nakujua. Kwa hiyo nikiangalia hayo nakuona kwenye Starlet, na nikiangalia ile picha ya Beetle ulivyoituma mara tatu nakuona kwenye Beetle. Jumamosi saa saba mchana, jua likiwa utosini, twende tuziangalie zote tatu. Mwambie kila muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, nataka niishike injini kwa mkono ikiwa haijawashwa, alafu tuiwashe, boneti lifungwe, tuiache imesimama juani dakika ishirini sie tumekaa kivulini na juisi ya ukwaju. Atakayekataa ushajua yake inachemsha.